Siku Jua Lilipopatwa Bihambwe

Mlio wa sufuria zikigongwa unanitisha mpaka leo. Kwetu Bihambwe, katika vilima vya Masisi, sufuria zikilia kilima kizima maana yake ni moja: wenye bunduki wanakuja, kimbieni. Nilikuwa na miaka tisa, na mambo mawili niliyajua barabara, kukamua ng'ombe na kukimbia. Alasiri moja mwanga ulianza kufifia bila hata wingu. Baridi ikashuka, ng'ombe wakarudi zizini wenyewe, halafu sufuria zikaanza kulia kilima cha pili. Kumbe wazee wa huko walikuwa wanaliamsha jua, kama walivyofanya mababu zao. Tungejuaje? Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mama alijitwika maharage na godoro, akaniambia nimbebe Furaha, mdogo wangu wa miaka miwili, aliyekuwa amelala chumbani. Niliingia, nikakuta giza tupu, nikaogopa. Nikatoka mbio mikono mitupu. Nilimwacha, hivyo tu.

Tulipofika bondeni mama aligeuka nyuma. "Mutoto iko wapi?" Alitupa mzigo akaupanda mlima mbio, nami nyuma yake nikilia, nikijua kabisa tutamkuta ameuawa. Mwanga ulikuwa umeanza kurudi. Furaha alikuwa ameketi mlangoni. Alimnyooshea mama mikono. Mimi nilipomsogelea akageuza uso.

Miaka baadaye, sekondari, mwalimu wa Kiingereza aliandika ubaoni neno eclipse. Ni kupatwa kwa jua au mwezi, alisema, na Waingereza hulitumia hata mtu anapomfunika mwenzake kwa sifa. Asili yake ni Kigiriki: kuacha, kukosekana pale unapotarajiwa. Wenzangu waliandika. Mimi sikuandika, maana sikuwa nawaza jua hata kidogo.

Siku hizi watoto wangu wanajua kwamba ni kivuli cha mwezi tu, wala hawaogopi. Sufuria bado zinatukimbiza, hilo halijabadilika. Mwezi uliopita zililia tena. Furaha ana mtoto wake sasa, na alikuwa amelemewa na mizigo, basi nikanyoosha mikono nimpokee mtoto. Hatujawahi kuizungumzia siku ile, na sikudhani anaijua. Alinitazama, akamkaza mwanawe mgongoni.

"Hapana, dada," alisema kwa upole. "Huyu nitamubeba mimi mwenyewe."