Kichwa cha Hamdia Siku ya Shaash

Hamdia amekaa Bulla Pesa, mtaa wa Isiolo, maisha yake yote, na hakuna mwanamume wa mtaa aliyewahi kuziona nywele zake. Ziko chini ya hijabu. Lakini kila mtu ana maoni juu yazo. Mteja analeta dera lifupishwe, anakaa karibu na cherehani kungoja, na pindo halijaisha anauliza, "Na ile nywele yako, bado?"

Bado nini? Hamdia haulizi. Anakanyaga cherehani.

Baba yake, mzee Sahal, ni wa wale Wasomali ambao babu zao walikuja na jeshi la mkoloni wakabaki Isiolo. Mama yake, Akolong, alikuwa Mturkana. Hamdia alichukua pua ya baba na nywele za mama, nyeusi, nzito, ngumu. Upande wa baba nywele huteleza. Kwa hiyo tangu utotoni shangazi zake walimtazama kichwani kama watu wanaotazama paa linalovuja.

Akolong hakuwa na maneno mengi. Ijumaa asubuhi alimweka bintiye katikati ya magoti, akampaka samli kidogo, akamsuka mistari. Hamdia alipomaliza darasa la nane, Eddo Raho, dada ya baba yake, alimpeleka saluni bila kuuliza mtu, akatiwa dawa ya kulainisha. Dawa ikamchoma. Vidonda vilitoka nyuma ya masikio, nywele zikang'oka kwa viganja. Akolong aliona, akaleta wembe, akanyoa zote. Wakaanza upya.

Zilimea vizuri. Kilichokataa kumea ni moyo wa kuzifunua. Kwa sherehe za wanawake, mlango ukishafungwa, wote hufunua vichwa wakacheza. Hamdia alibaki na hijabu. Kichwa kinaniuma, alikuwa akisema. Ikawa mchezo. Binamu zake wakimwona tu mlangoni, "Hamdia huyo. Leteni dawa ya kichwa."

Sasa Akolong hayuko, na Hamdia ameolewa na Hanad, dereva wa lori la mifugo. Hanad ameziona nywele. Aliuliza kama chai imebaki. Siku ya nikaha bibi arusi alifunikwa mpaka kope, ikapita salama. Iliyobaki ni siku ya saba, siku ya shaash, na hiyo haina pa kujificha. Wanawake wa pande zote mbili hukusanyika, mama mkwe humfunua bibi arusi, humchana, humtia mafuta, kisha humfunga shaash, kitambaa cha hariri, kuonyesha kwamba sasa ni mke wa mtu.

Siku moja kabla, Hamdia alirudi kwa baba yake kujitayarisha. Hata maji hajachota, Eddo Raho akaingia uani na mfuko. Alitoa kopo la dawa, halafu wigi.

"Chagua," alisema.

"Eddo, hiyo dawa si ndiyo ilinitoa ngozi?"

"Ile ilikuwa ya bei ya chini. Hii imetoka Dubai."

"Lakini ngozi ni ile ile ya Isiolo."

"Usinijibu kama wakili. Mimi nimeshawaambia watu wa Hanad nywele yako imefika kiunoni."

Hamdia alimtazama. "Kiuno ya nani, Eddo?"

"Waliuliza. Ningesema nini? Jawahir mwenyewe, mama mkwe wako, ameenda kununua kitana ya kukuchana. Nzuri sana, meno membamba."

"Kwa hivyo mama mkwe atachana wigi. Atatia wigi mafuta."

"Ndiyo maana nasema dawa."

Tache, jirani yao, alikuwa amekuja kuazima sufuria. Alisikia, akaketi, akashauri Hamdia asukwe rasta ndefu, kuna msichana anasuka haraka karibu na msikiti. Alishauri mpaka akaondoka bila sufuria.

Mzee Sahal alikuwa kwenye mkeka wake ukutani. Raho akamgeukia.

"Sahal, sema na msichana wako. Hii nywele itatuaibisha."

Mzee aliuliza, "Ni ya nani?"

"Ya mama yake, si unajua."

"Akolong nilimzika mara moja," alisema. "Sitamzika tena."

Akachukua birika akaenda kutawadha.

"Na adhana bado," Raho alimwambia mgongoni.

Hamdia alirudisha kopo ndani ya mfuko, akaweka wigi juu yake, akafunga fundo, akampa shangazi yake. "Kiuno ni wewe uliwaahidi, Eddo. Utawapa wewe."

Usimdhanie shujaa. Asubuhi ya siku yenyewe alifumua mistari, akaosha kichwa, akakaa uani akikianika juani, na mara mbili alitaka kutuma mtu amfuate Raho na ule mfuko.

Saa ya shaash ilipofika, chumba kilijaa. Moshi wa ubani, ngoma, akina mama magoti kwa magoti. Jawahir, mama yake Hanad, mwanamke mpana anayeuza maziwa ya ngamia sokoni, aliondoa shela. Ngoma ilienda kidogo kisha ikapotea njia. Nywele zilikuwa zimetuna kuzunguka uso wa Hamdia, kama zilivyomea.

"Kumbe ni ngumu," mmoja alisema.

"Kiuno kimepanda juu," mwingine akajibu kutoka mlangoni, na chumba kikacheka.

Masikio ya Hamdia yalipata moto. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kuifuata shela. Aliukuta katikati ya njia, akaurudisha kwa goti.

Jawahir aliweka kitana chake kipya juu ya paji la uso, akavuta. Jino likakatika. Akavuta tena, likakatika lingine.

"Hii ni nini?" Jawahir alisema, si kwa ubaya, kwa kuchoka tu.

Hapo Hamdia naye alichoka. Alichoka na wateja, na binamu, na makopo ya Dubai, na kuumwa na kichwa ambacho hakijawahi kumuuma.

"Ni nywele, mama. Ni ngumu, ndiyo. Hiyo kitana si yake, utaimaliza meno. Kuna yenye meno mapana kwa mkoba wangu. Tia mafuta kwanza. Na usianzie juu, anzia kwa ncha, ukipanda pole pole."

Bibi arusi siku ya shaash hukaa kimya. Akina mama walitazamana. Eddo Raho alijifunika uso na ukingo wa mtandio.

"Mtoto wa Akolong huyu," alisema ndani ya kitambaa.

"Ndiyo," Hamdia alisema.

Jawahir alishika kiuno, akafikiri, akaletewa mkoba. Alitia mafuta. Alianzia kwa ncha. Ilichukua muda. Wa ngoma walingoja, wakaona hawana kazi nyingine, wakaanza kupiga. Chai ilipoa. Mwanamke mmoja alisema hata nywele ya marehemu mama yake ilikuwa hivi, mwenzake akamwambia anyamaze, hakuna aliyemuuliza.

"Hii nywele ina kazi," Jawahir alisema, akijipangusa jasho na mkono wenye mafuta.

"Ina kazi," Hamdia alikubali, akainamisha kichwa ili mama mkwe afike kisogoni.