Maharage Mia Mbili na Damu ya Wifi

Jina la Mama Lenzi hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wifi yake, dada wa mumewe, fundi cherehani mwenye ulimi uliokata kuliko mkasi wake.

"Mwenzetu kasoma, kaishia kuchungulia damu za watu," wifi alipenda kusema mbele ya wageni. "Mimi nami nachungulia tundu la sindano, lakini jioni gauni linaonekana. Wewe jioni una nini cha kuonyesha?"

Mama Lenzi hakuwa na cha kuonyesha. Miaka ishirini na saba alikuwa amekalia stuli moja, mbele ya hadubini moja, katika maabara ya kituo cha afya yenye dirisha linalotazama choo cha wagonjwa. Mwalimu wake wa zamani alimwambia kwamba kioo chenye tone la damu hakiitwi kitupu, yaani hakina vijidudu, mpaka umekitazama sehemu mia mbili. Basi aliweka visahani viwili mezani. Kila akimaliza sehemu moja, alihamisha harage moja kutoka kisahani hiki kwenda kile.

"Mama Lenzi, maharage yameiva?" wenzake walimtania.

"Bado nachambua, wanangu."

Siku hizi hakuna aliyemwomba achambue. Kilikuja kipimo cha haraka, kijiplastiki chenye mistari, na agizo likabandikwa ukutani: kipimo kikisema hakuna malaria, basi hakuna. Mama Lenzi alilisoma agizo kwa heshima zote, kisha akaendelea na maharage yake.

Mwaka uliotangulia wifi aliugua malaria, akameza dawa, akapona. Tangu hapo, kila baada ya miezi mitatu minne, homa ilimrudia. Kijiplastiki kikasema hakuna. Daktari akasema ni uchovu, apunguze mawazo. Msimamizi wa karakana ya ushonaji naye akasema lake: akilala nyumbani tena bila cheti cha ugonjwa, cherehani yake atapewa mwingine.

Homa ilipomrudia mara ya tatu, wifi aliingia maabara akitetemeka, kanga imemzunguka mpaka masikioni. Alinyoosha kidole bila salamu.

"Chungulia vizuri leo, wifi. Nikipokonywa cherehani nitahamia kwako."

Hilo lilimtia Mama Lenzi bidii ya ajabu.

Harage la mia na sitini na tatu likiwa bado kwenye vidole, alikiona. Chembe ya damu imevimba, imevutika kama yai, ukingo wake umechanika kama pindo ambalo halijashonwa, na ndani yake mgeni amekaa ametulia. Akaandika kwenye daftari: *Vimelea vya malaria, aina ya umbo la yai.*

Daktari alisoma, akacheka kidogo. "Mama, kipimo kimesema hakuna. Na huyu si wifi yako?"

"Ni wifi yangu, daktari."

"Ndiyo hapo sasa. Undugu umeingia kwenye lenzi."

Angejua jinsi mawifi hao walivyopendana, angemshuku kwa upande wa pili.

Wiki hiyo alifika mkaguzi wa maabara na karatasi yake ya majibu sahihi. Majibu hayo aliyanakili kutoka kwenye kijiplastiki. Akapiga mstari mwekundu chini ya umbo la yai, akamsogezea Mama Lenzi kalamu.

"Futa, andika hakuna. Yaishe."

Mama Lenzi alikunja mikono mapajani. "Nisamehe, baba. Nimekatazwa kushuhudia uongo. Sikuambiwa kwamba vijidudu havihusiki."

Mkaguzi akakasirika, na kwa hasira akafanya jambo jema kabisa: alituma kioo kile pamoja na tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi hadi maabara kuu, ili mama huyu aumbuliwe rasmi. Msimamizi wa karakana naye akakubali kungoja majibu, wiki tano tu.

Barua ilifika siku nne kabla muda haujaisha. Daktari aliisoma mbele ya wafanyakazi wote, na mkaguzi alikuwepo makusudi.

"Msomaji wa kioo ameandika aina moja ya vimelea vya umbo la yai," daktari alisoma, sauti ikipungua. "Kwa uchunguzi wa vinasaba, damu hii ina aina mbili. Kwa hadubini hakuna awezaye kuzitofautisha. Hukaa katika damu moja, lakini hazizaliani moja na nyingine."

Mkaguzi akapiga meza kwa furaha. "Si nilisema kuna kosa!"

Na kosa likaandikwa: Mama Lenzi, aina moja badala ya mbili. Kijiplastiki kilichosema sifuri hakikuandikiwa kitu, maana hakikuwa na safu yake kwenye fomu.

Wifi alipimwa kwanza kama damu yake inaivumilia dawa, ndipo akapewa vidonge vya siku kumi na nne, vya kuwatoa vijidudu waliokuwa wamelala kwenye ini wakingoja zamu. Cheti chake kiliandikwa aina zote mbili. Msimamizi alikitazama kwa heshima mpya.

"Malaria mbili kwa mpigo, na bado unashona? Kaa kwenye cherehani yako, mama."

Jioni moja wifi aliuliza ni wadudu gani hao wa kufanana sura, kulala nyumba moja, na kukataa kuchanganyika hata kwa dawa.

"Nao wana mawifi?" akaongeza.

"Nadhani, wifi. Ila wao hawasemani."

Wiki iliyofuata kifurushi kilitua mezani, kati ya visahani viwili. Ulikuwa mto wa stuli, umeshonwa kwa mabaki ya vitambaa, pindo limenyooka.

"Usijidanganye kwamba nakupenda," wifi alisema akiwa tayari mlangoni. "Nimechoka kukuwekea viraka nyuma ya magauni."

Mama Lenzi akamshukuru Mungu kimoyomoyo, akaukalia, akachukua harage la kwanza.