Ng'ombe Niliyemsoma Nusu

Kitaaluma mimi ni nusu. Nilikwenda Iringa kusomea diploma ya mifugo, nikarudi Mbeya na mwaka mmoja wa diploma hiyo, kitu ambacho hakuna ofisi inayokipokea na huwezi hata kukitundika ukutani. Mwaka ule wa kwanza tulisoma mwili wa ng'ombe: mifupa yake, matumbo yake manne, anavyocheua, anavyobeba mimba. Magonjwa yalipangwa mwaka wa pili. Kwa hiyo ng'ombe ninayemfahamu mimi, Asukile, ni ng'ombe ambaye hajawahi kuugua hata mafua.

Mwaka wa pili haukunikuta. Nilianza kushika maiki hukohuko Iringa, kwenye send-off ya dada wa mwanafunzi mwenzetu, baada ya MC aliyekodiwa kulewa kabla ya keki kukatwa. Wenzangu wakanisukuma mbele kwa kuwa nilikuwa na mdomo. Nikaongea, watu wakacheka, mama mmoja akaomba apepewe. Tangu hapo Jumamosi zangu zote zikawa za ukumbini. Ijumaa nayo ikaingia, kwa sababu ya maandalizi, kisha Jumatatu, kwa sababu ya uchovu. Chuo kilipofungua mwaka wa pili, mimi nilikuwa Makambako nikimtambulisha shangazi wa bwana harusi, aliyegoma kukaa mpaka atajwe mara ya pili.

Sasa napanga chumba Ilomba na nina suti kadhaa, mojawapo rangi ya embe bivu. Vijana wakiniuliza kama bila chuo mtu anatoboa, nilikuwa nawajibu huku nimeegemea mlango wa gari la mtu mwingine: "Mimi natoboa kwa koo, mdogo wangu." Sikuwatajia Kwaresma. Kwaresma ikianza makanisa hayafungishi ndoa, na MC hugeuka muumini kuliko askofu, maana anafunga apende asipende.

Halafu nikampenda Mbuke.

Mbuke ana shahada ya uhasibu na anashika hesabu za mashine ya kukoboa mpunga pale Igawa. Tulikutana kwenye harusi. Aliniita pembeni akaniambia utani wangu wa tatu haukuchekesha, na wa nne niliuiba. Nikajua huyu ndiye. Baba yake, Mzee Nkuba, ni Msukuma aliyehamia bonde la Usangu na mifugo yake kabla Mbuke hajazaliwa. Ng'ombe aliowauza kumsomesha binti yake, ukiwapanga barabarani, lori lingesubiri wapite.

Siku ya kwenda kuposa, msemaji wetu alikuwa mjomba wangu Andendekisye, mzee wa kanisa aliyewaozesha nusu ya vijana wa mtaa wetu kwa ulimi wake. Tulishuka Igawa, tukapanda bodaboda kuingia bondeni, na njiani tuliposimama kupisha ng'ombe nikamwambia, "Mjomba, wakiuliza shule, pita kwa mbali."

"Binti ana digrii," akasema. "Wewe una nini? Una maiki. Sasa kaa kimya, kazi yako leo ni kukunja miguu na kuonekana mnyenyekevu."

Na hapo ndipo penye shida yangu yote. Kwenye posa, mwoaji hafungui mdomo. Ukisema bila kuruhusiwa, unapigwa faini mbele ya watu. Mimi ambaye hula kwa kusema, siku moja ambayo maneno yalinihusu mimi mwenyewe, nilitakiwa kukaa kama mzigo uliosahauliwa stendi.

Tukakaribishwa. "Mwadila," tukasalimiwa kwa Kisukuma. "Ndaga," mjomba akajibu kwa Kinyakyusa, na kila upande ukafurahi kama umeelewa. Mzee Nkuba, mrefu, mkimya, kofia ameiweka gotini, akaenda moja kwa moja.

"Binti yangu nimemfikisha chuo kikuu. Huyu kijana wenu kasoma wapi?"

"Iringa, mzee mwenzangu," akasema mjomba. "Mambo ya mifugo."

Mpaka hapo ilikuwa kweli. Lakini uso wa Mzee Nkuba ukachangamka, na mjomba akiona uso umechangamka hawezi kujizuia kuongeza.

"Ni daktari wa ng'ombe kabisa."

Simu ikatetemeka mfukoni mwangu. Nikaichungulia kwa chini. Mbuke, kutoka jikoni: *Umekuwa dokta lini? Hongera.*

Mzee Nkuba alikuwa ameshasimama. "Mungu ni mkubwa. Dokta, inuka twende."

Nyuma ya zizi, chini ya kivuli cha mabati, alilala mtamba mweusi mwenye mabaka, ng'ombe wa maziwa wa kisasa. Mbuke alimnunua milimani huko Iringa kwa mshahara wake, akampa baba yake zawadi ili azalishe mbegu mpya bondeni. Majirani walikuwa wakija kumtazama kama wanavyotazama gari jipya. Sasa shingo ilikuwa imelegea, masikio yameanguka, na mkojo wake chini ulikuwa mwekundu kama chai ya rangi.

"Tangu juzi hali chochote," akasema mzee. "Dawa nimenunua dukani za kila aina, muuzaji hakunieleza vizuri. Wewe msomi, chagua umchome."

Akaniwekea boksi miguuni: chupa, sindano, vifuniko vya rangi zote. Watu wakasogea, akina mama wakatoka jikoni na mikono yenye unga, Mbuke akasimama nyuma yao.

Nikainama. Mifupa ya yule mtamba niliitambua yote. Kama ungenipa maiki ningemtambulisha ubavu kwa ubavu, nikaomba kila ubavu upigiwe makofi. Lakini alikuwa na nini? Mkojo mwekundu ulikuwa mwaka wa pili. Nikashika chupa moja, nikaisoma lebo kwa uso mzito, kama ninavyosoma kadi za zawadi ambazo hazina jina. Watu wakanipisha kwa heshima. Nikiri hili: ile heshima ilikuwa tamu.

Mjomba akanisogelea sikioni. "Choma yoyote. Akipona ni wewe, akifa ni Mungu."

Nikavuta dawa kwenye sindano. Nikamtazama Mbuke. Hakunikonyeza, hakutikisa kichwa. Alikuwa ananisubiri tu, kama anavyosubiri mtu amalize kujumlisha ndipo amwambie amekosea. Nikaelewa kwamba nikimchoma huyu ng'ombe, hata akisimama na kucheza, Mbuke hatanioa. Ndiyo, nimesema hatanioa, ukimjua hutashangaa.

Nikaiweka sindano chini.

"Mzee, mimi si daktari. Nilisoma mwaka mmoja nikaacha. Kazi yangu ni kusherehesha harusi. Nikimchoma huyu, namchoma kwa kubahatisha."

Mjomba akakohoa kikohozi kirefu cha kutaka kunifunika. Mzee Nkuba hakumtazama.

"Nani amekuruhusu kusema?"

"Hakuna, mzee."

"Basi umeshasema. Sasa ng'ombe wangu?"

Nilimpigia Veronika. Tulianza naye chuo, tukikaa dawati moja. Yeye akamaliza, sasa ni afisa mifugo wa kata ya jirani. Nikaweka sauti ya nje ili nisiitwe mwongo mara ya pili.

"Asukile?" akapokea. "Kama ni kadi ya mchango, sina hela."

"Siyo mchango, Vero. Ni ng'ombe."

"Wa harusi ya nani?"

"Mgonjwa. Anakojoa mkojo mwekundu. Ni wa maziwa, katoka milimani, hajakaa sana huku."

Sauti ikabadilika papo hapo. Akauliza kuhusu ufizi, kuhusu kupe, kuhusu dawa alizokwisha kupewa. Mzee akawa anajibu akiwa ameinamia simu yangu. Mwishoni Veronika akasema, "Msimchome kitu, nakuja. Na wewe Asukile hasa, usishike sindano."

Zizi zima likasikia. Mama mmoja akajifunika kinywa kwa khanga.

Alikuja na pikipiki, buti za mpira hadi magotini. Akapima joto, akavuta kope na kutazama ndani, akatoa damu ya sikioni akaipaka kwenye kipande cha kioo cha kupelekea maabara, kisha akachoma dawa aliyokuja nayo, taratibu, kwa kipimo. Kazi niliyopewa mimi ilikuwa kushika kichwa. Nilikishika vizuri sana. Kichwa cha ng'ombe nilikifaulu.

"Ni kupe, mzee," akaeleza. "Ng'ombe wenu wamezaliwa nao, wamewazoea. Huyu mgeni kaja hana kinga." Kisha akanigeukia kwa sauti ya chini. "Hii tulifundishwa tulipofungua mwaka wa pili. Ulikuwa wapi?"

"Makambako."

"Kufanya nini?"

"Kumtambulisha shangazi."

Akanitazama kama anavyomtazama mnyama asiye na chanjo.

Mzee Nkuba akatangaza kwamba maneno ya posa yamesimama. Huyu mtamba akiamka, tutaongea. Asipoamka, wageni wataonyeshwa njia kwa heshima zote. Tukalazwa pale. Tulipewa ugali na maziwa ya mgando, na mjomba, mara ya kwanza tangu nimjue, alikula bila kusema neno. Mimi niliachiwa ndoo nimnyweshe mgonjwa. Anywe, asinywe, nikawa namsemesha. Nilimpigia vichekesho vyangu vyote. Alinisikiliza kwa uso uleule wa Mbuke.

Kulipokucha nilikuta amesimama. Miguu inatetemeka, lakini amesimama, na anacheua. Nilimwita mzee kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kumwita bibi harusi yeyote ukumbini.

Tukarudi kukaa kama jana. Mjomba akasafisha koo, na Mzee Nkuba akainua kiganja.

"Wewe pumzika, mwenzangu. Leo aseme kijana mwenyewe."

Nimesimama mbele ya walimu wa kwaya, wenyekiti wa kamati, mashemeji walevi. Asubuhi ile sikuona pa kuanzia. Jasho likanitoka ndani ya suti ya rangi ya embe.

"Naitwa Asukile," nikasema, kana kwamba walikuwa na shaka.

"Hiyo kazi ya kusema kwenye harusi, wanakulipa?"

"Wananilipa, mzee."

"Mwaka mzima?"

"Isipokuwa Kwaresma."

"Ng'ombe hawana Kwaresma," akasema. Nyuma yetu akina mama wakacheka, nami nikatambua kwamba mzee ana vichekesho kuliko mimi, na hatozi.

Mbuke akasema kutoka mlangoni, "Baba, mwulize kama anataka kurudi chuo."

"Wewe unataka arudi?"

"Mimi nilimpenda akiwa hivyohivyo, nusu. Nataka aseme yeye anataka nini."

Kila mtu akanigeukia. Ningeweza kutoa hotuba nzuri kuhusu elimu, ninazo tatu za mahafali. Nikasema nililokuwa nalo.

"Ukumbini sijawahi kuitamani ile diploma, na harusi sitaziacha. Lakini jana, nilipokuwa nimeshika ile chupa, nilitamani sana kujua. Nataka kurudi."

Mzee akavaa kofia yake. Kwao, nilikuja kuelewa baadaye, maana yake shauri limekwisha. Akasema posa ameipokea. Uongo wa mjomba faini yake ni dume la ng'ombe, ataongezwa kwenye mahari. Mimi kusema bila ruhusa, faini yangu jogoo, nimlete kwa mkono wangu.

Vijana bado wananiuliza kama chuo ni lazima. Siku hizi nawaambia inategemea umesimama mbele ya nani. Mbele ya bibi harusi, mimi natosha. Mbele ya ng'ombe anayekojoa damu, sitoshi, na mdomo haumponyi. Jumatatu hadi Ijumaa nipo Iringa, darasani na watoto wanaoniita mjomba na kuniomba niwafanyie bei nzuri kwenye mahafali yao. Jumamosi nipo ukumbini.

Muhula ulipofungwa nilimpeleka jogoo Usangu, nikiwa nimempakata njia nzima kama mtoto wa kubatizwa. Mzee Nkuba akampokea, akamgeuza, akamchungulia macho, kisha akanirudishia nimtazame mimi.

"Haya, msomi. Huyu ni mzima?"

Nikampapasa kifua, nikamtazama miguu, nikainua bawa. Mbuke alikuwa amesimama palepale mlangoni, ananisubiri.

"Sijui, mzee," nikasema. "Kuku ni muhula ujao."