Safari ya Uru Kuchukua Sauti ya Mama

Nilikwenda Uru kwa sababu shemeji yangu Anna hakuweza kwenda mwenyewe. Mimba yake ilikuwa kubwa na daktari alimkataza safari ndefu. Huko Moshi mama yake alikuwa na uvimbe kooni, na juma lililofuata angefanyiwa operesheni ambayo ingemwondolea sauti kabisa. Mtoto aliyekuwa tumboni alikuwa wa kike, wa pili. Wa kwanza alipewa jina la mama yetu, upande wa kaka yangu, kwa hiyo huyu angechukua la bibi yake wa Uchaggani: Aikaruwa. Anna aliniomba kitu kimoja tu, nimrekodi mama yake akimwita mjukuu kwa jina hilo, ili mtoto aje aisikie sauti ya aliyempa jina.

Mimi ni mpiga video wa harusi. Nimezoea kumwambia bwana harusi atoke nje, aingie tena mlangoni, na safari hii atabasamu. Nilifunga kamera, lenzi tatu, stendi ya miguu mitatu, taa mbili, maiki ya kubana nguoni na kinasa sauti. Kaka alinitania kwamba kwa mzigo ule ningeweza kumhoji Kibo mwenyewe. Anna hakucheka.

Alfajiri basi liliondoka Dodoma. Begi la kamera nililipakata njia nzima, kupitia Kondoa, Babati na Arusha, maana makondakta hutupa mizigo kwenye buti kama magunia ya viazi. Nilikuwa nikipanga picha kichwani: bibi kwenye kiti karibu na dirisha, taa moja ubavuni, migomba nyuma yake ikififia. Nilijisikia fundi. Kuhusu koo la yule mama, nakiri, nilifikiri kidogo.

Moshi nilifika jioni, nikalala mjini. Asubuhi bodaboda ilinipandisha, tukaiacha Rau nyuma, baridi ikaongezeka na migomba ikazidi kubanana kando ya barabara. Baba yake Anna, Mzee Anselmi, alikuwa amesimama kwenye njia ya kuingilia kihambani, shamba la migomba lililoizunguka nyumba yao, amevaa koti. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akalitazama begi langu, akauliza tumekuja wangapi.

Mama Anna alikuwa jikoni, kwenye moto. Aliongea kwa sauti ya kukwaruza, chini chini, na kila baada ya maneno machache alipumzika. Hata hivyo hakukubali tuanze kazi kabla sijamaliza bakuli la mtori. Alitaka habari za Anna: anakula, miguu imevimba, analala upande gani. Nilijibu nilivyoweza, na hapo ndipo moyo ulipoanza kuniuma, kwa kuwa niliona anamwaza mwanawe kuliko anavyoiogopa hospitali.

Mchana nilipanga sebule. Lenzi, iliyotoka kwenye baridi ya nje, ilifunikwa na mvuke, tukaungoja ukauke. Nikambania maiki kwenye kitenge, nikawasha taa, nikamwambia atazame kamera aseme, "Aikaruwa, mjukuu wangu." Mama akainamisha macho kwenye maiki. Nikadhani hajasikia, nikarudia. Akatikisa kichwa.

"Hajazaliwa, baba," alisema. "Kwetu hatumwiti ambaye hajafika. Ukimwita, unamharakisha."

Nilijaribu kumbembeleza. Nikamweleza kwamba video itafungwa mpaka mtoto azaliwe, kwamba Anna mwenyewe ndiye aliyeomba. Mzee Anselmi, aliyekuwa mlangoni, alisema kwa upole kwamba Anna amekaa mbali sana, amesahau. Nikazima taa. Nilimwonea huruma shemeji yangu, nikajionea huruma na mimi: ningerudi Dodoma na kumwambia nini?

Mvua ndogo ilipita juu ya bati, ikaisha. Kisha Mama akauliza kama ile mashine inaweza kutoka nje.

Alinieleza akiwa ameshaanza kutembea. Yule mtoto hatamwita. Lakini jina ni lake pia, na hakuna aliyemkataza kukumbuka jinsi mama yake mwenyewe alivyokuwa akimwita, jioni, alipokuwa msichana anayechelewa kwenye mfereji. Jina lile halikuitwa sebuleni. Liliitwa kutoka ukingoni mwa shamba, likashuka bondeni.

Nilinyakua kamera mkononi bila stendi, maiki ikiwa bado kwenye kitenge chake. Mzee Anselmi alimwambia kitu kwa Kichagga, na hata mimi Mgogo nilielewa kwamba anamkataza kupaza sauti. Mama alimshika mkono kidogo, akauachia. Alisimama kati ya mibuni, akanipa mgongo.

"Aikaruwaaa!"

Sijui alikoitoa sauti ile. Ilipanda, ikavutika, ikakatika mwishoni. Akainamisha kichwa. Halafu, kwa sauti ndogo ambayo bila maiki nisingeinasa, akaitika mwenyewe kama binti anavyomwitikia mama: "Ee, mae."

Mzee Anselmi alikuwa analia, na mimi pia. Picha ilikuwa mbovu: imetikisika, lenzi imeshika majani ya mbuni badala ya mtu. Neno la kazi yangu lilinifika mdomoni, lile la "turudie". Nikalimeza. Katika safari yote, hilo ndilo nililojifunza: kuna watu ambao hawaombwi mara ya pili.

Nilirudi Dodoma kesho yake. Anna aliisikiliza mara moja, akaniambia niihifadhi. Operesheni ilifanyika, kisha mtoto akazaliwa salama.

Dodoma, jeraha lilipopona, Mama Anna alikuja kumwona mjukuu, shingo ameifunga kitambaa chepesi. Alinyoosha mkono nimpe simu yenye ile video. Aliilaza kifudifudi kando ya mto wa mtoto, picha isionekane. Sauti yake ya zamani ikaita, "Aikaruwaaa!" Mtoto akageuza kichwa. Mama akainua simu haraka, akaizima kabla ile "Ee, mae" haijatoka, akamwinamia mtoto, akangoja.