Mkaratusi Nyuma ya Nyumba ya Mama Mkwe

Mkaratusi ule aliupanda mume wangu akiwa kijana, hatua chache nyuma ya nyumba ya mama yake, na wala hakufikiria kwamba mti huo hauna adabu. Ulikua ukapita paa, ukapita waya za stima, na mvua za mwaka jana zilipolegeza udongo ukaanza kuiinamia nyumba. Kwetu Kisii mvua hunyesha karibu kila alasiri. Kila iliponyesha nilisimama mlangoni kwangu nikiutazama ukiyumba juu ya mabati, na chini ya mabati hayo alikuwa amelala mama mkwe wangu, mzee, mkaidi, tena asiyesikia vizuri sikio la kushoto. Watoto wangu wako shule ya bweni. Boma zima lilikuwa limebaki na sisi wajane wawili, na mimi sikutaka kubaki peke yangu.

Mume wangu ndiye angeukata. Alikuwa fundi wa pawaso, ule msumeno wa petroli unaonguruma mpaka ng'ambo ya mto. Lakini mume wangu alikufa kule Nyacheki, mti aliokuwa akiukata ukamwangukia, na wenzake wakaniletea pawaso yake ndani ya gunia. Niliisukuma chini ya kitanda ikakaa mwaka mzima. Mafundi wengine niliowaita waliniambia "kesho, mama", na kesho yao haikufika. Nikamwomba mama mkwe ahamie kwangu. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. Tangu lini mama akalala katika nyumba ya mwanawe aliyeoa? Nikamwambia basi alale jikoni kwangu, maana jiko liko kando. "Yaya," alisema, na kwetu hiyo ni hapana isiyo na mjadala.

Alhamisi moja upepo ukavunja tawi, likatoboa bati na kusimama wima kando ya kitanda chake, kama fimbo ya mgeni. Yeye akaomba mtu amletee sufuria ya kukingia maji. Hapo nikachemka. Nikaingia chini ya kitanda nikavuta gunia.

Haki ya Mungu, sikujua lolote. Niliivuta ile kamba ya kuwashia mpaka bega likaniwaka moto, na mashine ikakohoa mara moja, ikanyamaza. Nikafungua tangi nikanusa. Petroli ya mwaka mzima huchacha kama uji uliosahauliwa, na ile ilinuka rangi ya mbao. Niliimwaga yote nikaenda Nyamarambe kununua petroli mpya na oili yake, kwa sababu hilo moja nililijua, kwamba petroli tupu huua mashine. Mume wangu alikuwa na chupa ya soda aliyoichora mistari miwili kwa msumari, petroli mpaka hapa, oili mpaka hapa. Miaka yote hiyo nilikuwa nikimcheka kwa chupa yake. Siku hiyo niliishika nikalia mpaka kamasi, kisha nikapangusa uso kwa leso na kuchanganya mafuta kulingana na mistari yake.

Plagi, ile ya kutoa cheche, niliikuta nyeusi tii, nikaisugua kwa mswaki mzee. Kichujio cha hewa kilikuwa kimeziba vumbi, nikakifua kwa sabuni nikakianika. Cheni nayo niliitoa nikaiosha, nikairudisha, nikajiona fundi.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana mama mkwe alikubali kwenda kuketi jikoni kwangu, kwa saa chache tu, alisema. Nilifunga kamba ya ng'ombe juu ya mti, nikaivutia upande wa migomba na kuifunga kwenye mparachichi. Kisha nikavuta ile kamba nyingine, na pawaso ikanguruma. Loo! Nilitaka kuruka. Nilipogeuka nikamwona mama mkwe mlangoni pa jiko, mkono mdomoni, halafu akaingia ndani na kufunga mlango. Nikajua amekasirishwa na kelele.

Nikaigusisha mtini. Ikatoa moshi. Nikakandamiza, ikatoa unga mwembamba kama wa wimbi, na moshi mwingi zaidi. Zaidi ya saa nzima nilikandamiza na kutukana, nikaitukana mashine, nikautukana mti, nikawatukana mafundi wote wa kesho. Mwishowe nilizima nikakaa chini kuichungulia, na nikaona meno ya cheni yanatazama nyuma. Nilikuwa nimeivalisha kinyume! Nilikuwa nausugua mti, siukati. Nilicheka peke yangu kama mwehu, nikachukua spana nikaigeuza, lakini jua lilikuwa limeshaanza kushuka.

Sasa ilikata kweli. Nilitoa pengo upande wa migomba, kule nilikotaka uangukie, kisha nikazunguka kukata upande wa nyumba. Nilikuwa nimepita katikati niliposikia mti unashusha pumzi. Ulikaa. Uzito wake wote uliegemea nyuma, kuelekea nyumba, ukaubana ule upanga wa chuma unaozungukwa na cheni, na mashine ikazima papo hapo. Nilivuta choki, ile ya kuinywesha petroli zaidi, nikavuta kamba. Nikavuta tena, na tena, mpaka petroli ikadondoka na kunilowesha mikono. Haikukohoa hata mara moja.

Nikiwa bado navuta, mama mkwe alipita kando yangu na kitabu chake cha nyimbo.

"Jua limetua," alisema. "Sabato imeingia. Weka chini."

"Mama, usiingie humo! Mti umekatwa nusu!"

Akaingia. Akafunga.

Mimi nilizaliwa Mkatoliki nikaolewa kwa Wasabato, na maandiko yao nimeyajua kwa kuyasikia. Nilimwambia kupitia dirishani kwamba hata ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato bwana wake humtoa. Akajibu, "Mimi si ng'ombe." Usiku huo sikulala, na asubuhi nilikimbia hadi kanisani kwao nikawaita wazee wawili. Walikuja na suti zao, wakautazama mti wakarudi nyuma hatua kumi. Wakamwambia kwamba kuokoa uhai si dhambi siku yoyote. Aliwashukuru, akawaombea safari njema, na hakuinuka kitandani. Wakaenda kutafuta vijana wa kumbeba kwa nguvu.

Saa tisa mawingu yakawa meusi upande wa Nyamira, na upepo ukaanza kwenye migomba. Kamba ya ng'ombe ilikuwa imekaza inalia. Vijana walikuwa hawajafika. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mimi ndiye niliyeyavulia. Nikaingia ndani nikaketi kitandani kando yake.

"Toka," akaniambia. "Una watoto."

"Sitoki. Nimemzika mmoja wa nyumba hii. Sina nguvu ya kuzika mwingine peke yangu. Kama ni kufa, tufe wote na hao watoto walelewe na Sabato yako."

Lilikuwa tusi, na nilijua. Nilingoja anifukuze. Badala yake aliyafumba macho, na mdomo ukaanza kumcheza.

"Si Sabato," alisema. "Nilijua nikikaa humu ndani huwezi kuukata. Mtu hukata mti wakati mama yake yuko chini yake? Ile mashine ilimpeleka mwanangu Nyacheki haikumrudisha. Jana niliposikia inalia nikajua imekuja kukuchukua wewe. Mokamwana, mke wa mwanangu, mimi nimezeeka. Mti uniangukie mimi."

Mungu wangu! Tangu jana nilidhani anailinda Sabato yake. Nilimshika mabega yote mawili, na sijui ni sauti gani iliyonitoka.

"Siiwashi tena, mama. Nakuapia kaburi la mwanao. Siiwashi tena maishani mwangu. Sasa inuka!"

Aliinuka. Nilimkokota zaidi ya kumwongoza, kitabu cha nyimbo kikaanguka na akataka kukirudia, nikamvuta. Tulikuwa hatujafika jikoni kamba ilipokatika kwa mlio kama risasi. Sikugeuka. Nilisikia shina likipasuka, kisha mabati, kisha kuta za udongo zikilala chini, halafu kukawa na mvua tu. Vijana wa kanisa walifika na kutukuta tumekaa sakafuni jikoni, tumelowa, tumeshikana.

Jumapili mmoja wa mafundi wa kesho akaja, maana sasa mti ulikuwa chini na kazi yake ni rahisi. Alitazama kisiki akatikisa kichwa. Mti unaoinama hivyo, alisema, ukiukata kwa nyuma unapigilia kabari mbili za mbao kwenye mkato, nao hauwezi kukaa juu ya msumeno. Kabari mbili tu, mama. Akaikuta pawaso kwenye migomba ilikorushwa, upanga umepinda kidogo, akauliza ilikuwa na shida gani.

"Ilikataa kuwaka. Niliivuta mpaka giza."

"Uliinywesha kupita kiasi. Hiyo haivutwi. Inaachwa ipumzike, mafuta yakauke, inawaka yenyewe."

Akaiweka chini, akaikanyaga, akavuta kamba mara moja. Ikanguruma boma zima, ile sauti aliyorudi nayo mume wangu kila jioni. Mama mkwe alikuwa ameketi nami kwenye ngazi ya jiko, ambalo sasa ndiyo nyumba yake. Alinishika mkono wa kulia, ule wa kuvutia kamba, akaukaza mpaka vidole vikaniuma, na hata fundi alipozima hakuuachia.