Nilimwambia Aende Atafute Kizungu Kwanza

Mimi ndiye mwenye makosa. Naanza na hapo ili usije ukanionea huruma ukifika katikati.

Niko upande wa Githongo, huku Meru, nina miaka ishirini na sita. Nilimaliza fomu foo na D ya Kizungu. Hiyo D ilinikaa hapa kwa koo. Nikasema msichana wangu Kendi, aliye gredi ya tatu, hataipata.

Shuleni kwetu, ukiongea Kimeru ulivalishwa diski, kibao cha kamba shingoni, na jioni unachapwa. Mimi nikaifufua nyumbani kwangu. Nilikata kifuniko cha mkebe wa mafuta, nikatoboa, nikatia kamba. Ukiongea Kimeru, unavaa. Ukikosa spelingi, unavaa. Ukivaa mara tatu kwa siku moja, kiboko.

Mama mkwe wangu, tunaishi naye boma moja, hakupenda. Yeye alijulia kusoma kwa Biblia ya Kimeru, kwa hivyo herufi ikiandikwa anaisoma. Akishika kitabu cha Kendi, knife anasoma "ki-ni-fe", mtoto anacheka mpaka anakaa chini.

"Shosho, hiyo K haisomwi."

"Sasa iliitwa ya nini?"

"Haikuitwa. Imekuja tu, kama wale watu wa kula harusi."

"Basi ikishafika ipewe chakula. Ki-ni-fe."

Nilikuwa nakasirika vibaya. Nikamwambia, "Mama, endelea tu. Mtihani si wewe utamfanyia?" Akamrudishia Kendi kitabu.

Jumamosi moja tulikuwa tunachuma kahawa. Mama mkwe alibaki huko chini shambani na Kendi, mimi nikapanda nyumbani kuchambua, nitoe mbichi kabla ya kupeleka kiwandani. Kendi akaja mbio. Akaanza kwa Kimeru kwamba shosho...

"Kizungu," nikasema.

Akafungua mdomo, akafunga. Siku hiyo alikuwa ameshavaa diski mara mbili. Akajaribu, "Grandmother... grandmother..." Sikuinua hata kichwa. "Enda utafute maneno kwanza. Ukiyapata uje."

Akaenda. Nilimwona pale mlangoni amefungua kamusi, na nikafurahi. Unasikia? Nilifurahi.

Nilikuwa karibu kujaza gunia alipoleta karatasi. Alikuwa ameandika kwa Kizungu kwamba nyanya yake ameanguka kwa kahawa, mdomo umeenda upande mmoja na hawezi kusimama. Na mimi, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichoangalia ni spelingi. Ilikuwa sawa yote. Ndipo nikasoma.

Hospitalini waliniambia ni kiharusi, wakauliza kilianza saa ngapi. Nikasema sijui. Bwanangu, anayefanya kazi Embu mjini, alifika jioni akamuuliza Kendi, si mimi. Halafu akaja pale nilipokaa.

"Mama Kendi, mtoto alikuja kukuambia?"

"Alikuja."

"Ukamwambia nini?"

Nikampa ile karatasi ya Kendi. Hajawahi kuniuliza tena.

Sasa mama mkwe haongei. Mkono wa kulia umelala tu. Mimi ndiye namwosha, namgeuza, nampikia uji, na sisikii kitu ndani. Hasira ninayo, lakini ni ya kujikasirikia, na hiyo huna pa kuipeleka. Kanisani wananiambia nilie. Machozi hayaji.

Kendi ndiye humlisha. Akiwa naye wawili huongea Kimeru, ananong'ona, anamwambia mambo ya shule. Nikiingia anageuza lugha. "Good evening, mum." Mwalimu wake ananisifia, ati nimefanya kazi nzuri.

Juzi nilimkalisha nikamwambia, kwa Kimeru, aongee na mimi vile anataka. Akaniangalia vizuri tu, bila ubaya. "Thank you, mum," akasema, akarudi kwa nyanyake.

Kwa hivyo wewe mama uliye na haraka kama yangu, mtoto akija mbio, weka chini ulichoshika umsikize mpaka amalize, kwa lugha ile ile aliyokuja nayo. Ukimzoesha kwamba kwako kuna masharti, atayafuata. Wangu anayafuata mpaka leo.