Miche ya Intore na Chupa ya Javeli

Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ile ya vita, mwanangu, nilipokuwa msichana wa miaka kumi na tisa hapa mtaani kwetu Buyenzi, mwenye ulimi mrefu kuliko akili. Nilikuwa nimeinama uani kwetu, nikiyafunika mabeseni matatu kwa kanga ili mtu asione kilichomo. Kilichomo kilikuwa kinakufa, na hakikuwa changu.

Kilikuwa cha Mama Yolande. Yeye alikimbia kutoka Kanyosha risasi zilipofika shambani kwake, akaja kupanga chumba nyuma ya nyumba yetu. Hakubeba sufuria wala godoro. Alibeba mbegu za intore, zile nyanya chungu tunazozipika na maharage, amezifunga kwenye pindo la kitenge. Mama yake ndiye aliyempa mbegu hizo alipoolewa, na shamba zilikotoka lilikuwa limekwisha kuchomwa. Zikipotea hizo, hakuna nyingine.

Ua wetu ulikuwa saruji tupu. Lakini mwanafunzi mmoja wa kilimo aliyekuwa akikaa mtaa wa Mutanga Sud alikuwa amenifundisha kuotesha miche bila udongo. Unapanda mbegu kwenye vipande vya sponji ya godoro, unavichomeka kwenye ule ubao mweupe mwepesi wanaofungia mafriji, na ubao unaelea juu ya maji yenye mbolea. Nilikuwa nimeotesha lengalenga, yaani mchicha, mara moja tu, zikakubali, basi nikajiona profesa. Nikamwambia Mama Yolande mbele ya watu, "Mama, nipe mi hizo mbegu. We utaona." Akanipa zote. Mpaka leo naliona lile pindo, alivyolifungua polepole.

Mbegu zikaota, nami nikazitangaza mtaa mzima. Wiki ya tatu majani yakaanza kuwa ya manjano. Nikaongeza mbolea, ncha zikaungua. Nikachungulia mizizi, nikaikuta ya kahawia, ina utelezi na inanuka. Sasa wakati ule kila nyumba ilikuwa na chupa ya javeli, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, kwa sababu ya kipindupindu. Maji ya kunywa yalitiwa tone, ya kuoshea mboga tone, na mama yangu aliitia hata kwenye birika la kutawadhia. Nikasema, kama inaua uchafu wa watu, itashindwaje na uchafu wa miche? Nikatia. Kesho yake nikatia tena, maana wanasema dawa ya moto ni moto. Majani yakapauka kama karatasi.

Yule mwanafunzi alikuwa amekwisha kuihama nchi. Aliyebaki wa kuulizwa ni mwenye mbegu mwenyewe, na yeye ndiye niliyekuwa namkwepa. Siku tatu alipouliza habari za miche yake nilimjibu, "Zinalala, Mama. Tusiziamshe." Ujinga wa ujana huo, mwanangu. Ukiusikia leo unacheka, lakini mimi nilikuwa sili nikashiba.

Siku ya nne hakuuliza. Alikuja akafunua kanga. Nikangoja kofi. Yeye akachuchumaa, akang'oa mche mmoja, akaunusa mzizi, akachovya kidole majini.

"Mwana wanje," akasema, na hivyo ndivyo Warundi wanavyomwita mtoto waliyemzaa. "We unawapa hawa javeli?"

"Ego, Mama," nikaitikia. "Kidogo."

"Na walianza kugonjwa lini?"

"Leo siku ya nane."

Akakifuta kidole kwenye kitenge chake. "Shamba yangu iliungua, sikumulaumu mutu. Miche kufa si kosa. Kosa ni hii kanga. Mugonjwa ni wangu, na we unanifichia?"

Ningependa zaidi anipige. Lakini hakunipa nafasi ya kulia. Hakuwahi kuona kilimo cha maji maishani mwake, na bado aliniuliza swali ambalo mimi profesa sikuwa nimejiuliza: mizizi hii inapumulia wapi? Ubao wangu ulikuwa umeyagusa maji pande zote, na mabeseni yalishinda juani, maji ya vuguvugu. Akaniambia kwamba hata shambani, mvua ikituama juu ya miche siku tatu, mizizi huoza vivyo hivyo kwa kukosa hewa. Pale barazani mama yangu alikuwa anapoza chai, akiimimina kutoka kikombe hadi kikombe kama tulivyozoea. Mama Yolande akamnyooshea kidole. "Maji yako ufanye hivyo."

Tukamwaga maji yote ya beseni moja. Tukaosha mizizi, tukakata iliyooza. Tukatia maji yaliyolala wazi usiku kucha, mbolea nusu, na javeli hata tone hatukutia. Tukainua ubao kwa vijiti, vidole viwili juu ya maji, ncha za mizizi tu zikigusa, tukahamisha beseni kivulini. Mengine mawili alikataa tuyaguse kwanza. "Kama nimekosea, tuue moja, tusiue tatu," alisema. Siku ya pili, tulipoona mche hata mmoja haujaanguka tena, tukafuata mengine. Asubuhi na jioni nilichota maji kwa jagi na kuyamimina toka usawa wa bega. Majirani wakaniita mpoza chai ya mboga, wakacheka mpaka wakachoka.

Katika miche sitini ilipona kumi na saba. Siku nilipoona mizizi mipya, myeupe, nililia, na sioni haya kusema. Intore za kwanza hatukula hata moja, zote tuliziacha ziive kwa mbegu. Mwaka uliofuata nusu ya mtaa wetu, Waislamu na Wakristo, walikuwa na intore kwenye mabeseni na bidoni za maji zilizokatwa, na hiyo ni miaka ambayo mtu aliogopa hata kupita mtaa wa mwenziwe. Najivunia hilo kuliko nyumba niliyojenga.

Amani iliporudi, Mama Yolande alinichukua twende Kanyosha siku ya kupanda. Jirani zake wakashangaa, mbegu hizo si ziliisha na vita? Akanishika bega mbele yao. "Ni huyu mutoto wangu wa Buyenzi aliziponyesha. Alizigonjesha yeye mwenyewe, halafu akaziponyesha." Watu wakaangua kicheko. Nimesifiwa mara nyingi tangu siku hiyo, mwanangu, lakini sifa niliyoipenda ni ile, kwa sababu ilikuwa kweli yote, nusu zake zote mbili.

Basi shika haya. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ulichokabidhiwa kikianza kunyauka, mwite mwenyewe kingali na pumzi. Usitie dawa juu ya dawa. Badili jambo moja, ngoja, tazama. Na usimdharau asiyejua chombo chako, huenda akaujua ugonjwa wako. Mungu akupe mkono unaootesha, akuwekee karibu mtu wa kukukemea kwa upendo, na siku utakapokosea akupe ujasiri wa kusema mapema. Amin.